Sanduku la Derryvoe

Mimi sijawahi kumuuliza mtu amempigia nani kura. Sina haja. Nipe sanduku la shule ya Derryvoe, kijijini kwetu, kura mia mbili na ushei, nipe penseli na mahali pa kuegemeza kifua, na kabla chai yako haijapoa nitakuambia nyumba ipi imekwenda wapi. Miaka thelathini na mbili nafanya kazi hiyo, bila mshahara wala shukrani, na jina tulilopewa ni wachunguliaji. Wengine hulitamka kama tusi. Waache.

Kazi yenyewe ni hii. Watu hupiga kura Ijumaa, na Jumamosi asubuhi masanduku yote huwa yamefika kwenye ukumbi wa michezo mjini Ballinscar. Makarani huyamwaga mezani, hukunjua karatasi moja moja na kuzilaza uso juu. Sisi tunasimama upande wa pili wa uzio wa chuma, shingo tumezitoa kama kuku aliyeona mahindi, na kila tukiona namba moja tunatia kistari daftarini. Maafisa wanatuona na hawatukatazi. Makarani wanapoanza kuhesabu rasmi, sisi tumeshajua mambo yalivyo.

Kwetu mtu hapigi alama moja akaenda zake. Anaandika moja kwa ampendaye, mbili kwa anayemfuatia, tatu, nne, mpaka achoke. Mgombea wako wa kwanza akianguka, au akipata kura zaidi ya anazohitaji kushinda, karatasi haifi bure. Inahamia kwa namba mbili wako, na ikibidi kwa namba tatu, raundi baada ya raundi mpaka viti vijae. Ndiyo maana hapa hakuna mgombea anayemtukana mwenzake mbele za watu, maana hujui kesho utaokolewa na kura za nani.

Na karatasi zina sura. Mzee Concannon alikuwa mwalimu, kwa hiyo anajaza namba zote mpaka kumi na mbili, hawezi kuacha swali bila jibu. Kina Tarpey wa dukani wanaishia mbili. Mimi saba yangu naikata kwa mstari kiunoni, kama alivyonifundisha mama. Ukikaa miaka ishirini na sita nyuma ya kaunta ya posta, kama nilivyokaa mimi mpaka walipoifunga, unajua mwandiko wa kila mtu.

Kazi hiyo nimeifanya kwa ajili ya mtu mmoja tu, mdogo wangu Malachy Feerick, aliyeanguka mara ya kwanza, kisha akawa diwani wa eneo letu kwa miaka ishirini na mitano. Malachy ni mtu wa watu. Barabara yako ina shimo, mwite Malachy. Mama yako anahitaji nafasi katika nyumba ya wazee, mwite Malachy. Mazishi hakosi hata moja, hata ya watu waliomnunia. Ila ana kiburi kimoja ambacho sikuweza kukitoa kichwani mwake. Wagombea wengine wakifika mlangoni husema, "Kama namba moja ina mwenyewe, basi nikumbuke kwenye mbili." Malachy hakuwahi kutamka maneno hayo. "Namba mbili ni makombo," husema. "Mimi sijafikia kula makombo." Na yeye mwenyewe hujigamba kwamba kwenye kibanda cha kura huandika moja penye jina lake, akaweka penseli chini, akatoka.

Sasa Fintan Hession. Shamba lake linapakana na letu, na ng'ombe wake wanakunywa kwenye kijito kimoja na wetu. Yeye na Malachy walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na moja.

Chanzo ni barua. Mwishoni mwa Aprili, mwaka ule, tulikuwa makaburini tunamzika mke wa Concannon. Fintan alimfuata Malachy pale pale penye udongo mbichi, akampa bahasha. Mama yake, Bedelia, miguu ilikuwa imekwisha na hawezi kupanda ngazi. Bafu na choo viko juu. Walikuwa wanaiomba halmashauri iwasaidie kujenga choo chini. Malachy akaitia bahasha mfuko wa ndani wa koti lake jeusi zito, lile la mazishi, akamshika Fintan bega na kumwambia, "Niachie mimi."

Wiki iliyofuata jua likatoka, na lilikaa, jambo ambalo kwetu ni la kuandikwa gazetini. Koti likapanda kabatini. Majira yale yote Malachy alizika watu kwa suti nyepesi. Novemba ikaja na mvua yake, akafa Bedelia mwenyewe, na koti likashuka. Tumesimama kaburini, padri anasali, Malachy akaingiza mkono mfukoni kutafuta rozari. Akatoa bahasha. Ng'ambo ya kaburi alikuwa amesimama Fintan, anaitazama bahasha yenye mwandiko wake, haijafunguliwa.

Bedelia alikuwa na miaka tisini na mmoja, na choo kisingemfanya aishi milele. Lakini kwa miezi saba mwanawe alimbeba ngazini, juu na chini, na yule mama alikuwa mwenye haya. Hilo ndilo lililomkaa Fintan rohoni. Na Malachy, mtu anayejua kuongea na mawaziri, hakupata neno la kumwambia jirani yake. Nilimsihi. "Nenda kabisha mlango, sema nisamehe, urudi nyumbani." Akanijibu, "Nitaanzia wapi, Attracta?" Mwaka ukapita, ukawa miwili, na samahani isiyosemwa ina tabia ya kuwa ngumu kila siku inayopita.

Mwaka huu, uchaguzi ulipotangazwa, tukasikia Fintan amechukua fomu. Hana chama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fintan! Mtu ambaye maneno yake mengi huyatumia kwa ng'ombe! Kipeperushi chake kilikuwa na picha moja, shingo imebanwa na kola, na chini yake mistari miwili kuhusu wazee wasioweza kupanda ngazi. Basi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nataka kulisema lote bila kulipamba. Wiki mbili kabla ya kura niliingia dukani kwa Philomena Tarpey kununua unga. Palikuwa na watu sita au saba, na wote wanajua kwamba mara iliyopita nilikadiria kura za Malachy nikakosea kwa nne tu.

"Ehe, Attracta," Philomena akaniuliza, "mdogo wako hali yake?"

"Malachy? Malachy anaingia raundi ya kwanza," nikasema. "Na chenji itabaki."

Nilijisikia mkubwa nilipokuwa nayasema hayo. Mchana ule ule maneno yakafika mpaka kijiji cha tatu. Attracta amesema Malachy yuko salama.

Mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kujua. Nimewaona madiwani watatu wakizikwa na neno hilo moja. Watu wetu si wabaya, ila ni wabahili wa kura. Kumpa aliyeshiba wanaona ni kuitupa. Waambie mtu yuko salama, wataitikia ndiyo, watamsifu, halafu namba moja watampelekea anayetia huruma na yule wa salama watamwekea mbili. Kila mmoja anajiambia yuko peke yake.

Siku chache baadaye Fintan alibisha mlangoni kwangu. Mvua ilikuwa inamtiririka puani. Kofia aliishika mkononi.

"Ingia, utalowa," nikamwambia.

"Nimeshalowa, Attracta. Nisikuchafulie sakafu."

"Ingia bwana, sakafu imeona mengi."

Akala vipande viwili vya mkate wa kahawia kwa siagi, amesimama, kwa sababu suruali imelowa na hakutaka kulowesha kiti. Nikamuuliza nani alimtia wazimu wa kugombea.

"Mama," akasema. "Kila nikipanda zile ngazi." Akafuta maji puani. "Sikuombi namba moja. Malachy ni damu yako, ningeona ajabu. Huko chini chini, kwenye tano au sita, ukinikumbuka..."

"Fintan, unajua hutashinda."

"Najua. Naomba tu nisipate sifuri kwenye sanduku letu. Hapo wanaponijua. Wakinicheka Ballinscar sawa, lakini hapa..."

Alinishukuru kwa mkate, akatoka, na nikamwona akikaza kola ya koti barabarani kuelekea nyumba inayofuata, ambako nilijua mbwa atamfukuza. Niliona uchungu ambao sikuutegemea. Niliona uchungu kwa ajili ya Bedelia pia, maana koti lile jeusi ni mimi niliyelipeleka kabatini mwezi ule wa Mei, na sikupekua mifuko.

Ijumaa nilipiga kura saa nne asubuhi, shuleni, kwenye kibanda cha mbao chenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Nikatazama majina. Nikasema moyoni, Malachy ana mia moja na thelathini hapa. Moja haitamuua. Nikaandika moja kwa Hession, mbili kwa Feerick, nikaendelea mpaka saba kwa adabu, nikakunja karatasi. Nilitoka nikiwa na furaha kama mtu aliyetoa sadaka.

Sanduku letu lilimwagwa Jumamosi karibu saa tano. Malachy alikuja akasimama nyuma yangu na sandwichi yake ya nyama, hana wasiwasi. Kando yangu alikuwepo Jarlath Duignan, mchunguliaji wa chama kingine, mtani wangu wa miaka mingi.

Karatasi ya kwanza, Feerick. Ya pili, Hession. Ya tatu, Hession. Ya nne, mtu wa mjini. Ya tano, Hession.

"Attracta," Jarlath akasema bila kunitazama, "hili sanduku ni la Derryvoe au nimepotea njia?"

"Chungulia kwako, Jarlath."

"Nachungulia hapa hapa, mama. Utamu uko hapa."

Hession. Feerick. Hession. Nikaona saba iliyokatwa kiuno, moja kwa Hession na mbili kwa Feerick, nikatia kistari. Nikaona nyingine ya namna hiyo hiyo baada ya dakika chache, nikadhani aibu imenipofusha na sasa naona karatasi yangu mara mbili. Nyuma yangu sauti ya kutafuna sandwichi ilikuwa imekoma.

Feerick themanini na tatu. Hession sitini na nne. Nilijumlisha mara tatu.

"Hayo masanduku mengine yatafidia," Malachy akasema.

Hayakufidia. Maneno yangu ya dukani yalikuwa yamefika kila mahali kabla yetu, na kila sanduku watu walikuwa wamefanya ubahili ule ule. Viti ni vitano. Mtu wa kwanza alipita Jumamosi jioni, wa pili naye, na Malachy alikuwa wa tano kwa hesabu ya namba moja, na nyuma yake kwa mbali sana alikuwa Fintan. Bado nilikuwa na tumaini. Lakini kila mgombea mdogo aliyeanguka, karatasi zake zilipokuwa zinagawanywa upya, zilikwenda wapi? Kwa Fintan. Mwanamke wa chama cha mazingira alipoanguka, wazee wote waliompigia walikuwa wamemwandika Fintan mbili. Mgombea mwenye baa alipoanguka, vivyo hivyo. Mtu yule alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kwenye mvua akiomba tano na sita, na watu wakampa mbili na tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Malachy hakuomba makombo, na hakupata.

Jumapili saa tisa mchana walibaki wawili na kiti kimoja. Msimamizi akawaita mezani wagombea wote wawili na mimi nikajipenyeza. Hession kura elfu moja mia mbili kumi na nne. Feerick elfu moja mia mbili kumi na moja.

Tukaomba zihesabiwe tena. Ni haki yetu. Makarani wakahesabu saa nzima na nusu, na ukumbi wote ukaja kusimama penye uzio. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya hesabu nyingine kichwani, hesabu yangu mwenyewe. Ningempa Malachy kura yangu, Fintan angekuwa na kumi na tatu na Malachy kumi na mbili. Bado angeshindwa kwa moja. Nikashikilia hiyo moja kama mtu anayeshikilia mlango kwenye upepo. Peke yangu sikumuua. Ilihitajika mjinga mwingine kama mimi. Mmoja tu.

Zikabaki tatu zile zile. Jina la Fintan likasomwa. Kwetu mshindi hubebwa mabegani, na watu wakamkimbilia, lakini alijishikiza kwenye kiti, anasema "hapana, hapana, jamani, nishusheni," na walikuwa hawajamwinua bado. Malachy alivuka ukumbi kwenda kumpa mkono. Walishikana. Mpiga picha wa gazeti akawaomba wacheke, wakashindwa wote wawili.

Jumatatu asubuhi Malachy alikuja jikoni kwangu. Alikuwa amenyoa na kuvaa jaketi, kama mtu anayekwenda kazini. Akaweka daftari langu mezani, lile alilolichukua ukumbini bila mimi kujua, na penseli juu yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nataka hao sitini na nne. Nyumba kwa nyumba."

"Ili iweje, Malachy? Utaacha kuwasalimia?"

"Nataka kujua tu."

"Kunywa chai kwanza."

"Attracta. Nyumba kwa nyumba."

Nikaketi. Birika lilikuwa linachemka na sikuinuka kulitoa. Nikaanza na kina Concannon, wanne, wote wameandika mpaka kumi na mbili. Kina Tarpey watatu, na mimi ningeapa ni wetu. Lavelle wa barabara ya juu, watano. Yule mjane wa Knockroe, na wanawe wawili waliokuja na treni kutoka Dublin kupiga kura na kurudi. Kila nyumba niliyoitaja, Malachy alitia alama na kusema jambo. Huyu nilimpatia taa ya barabarani. Huyu mama yake nilimpeleka hospitali kwa gari langu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasema kama mtu anayesoma majina ya marehemu kwenye Misa ya Novemba, na hiyo ilinichoma zaidi kuliko hasira.

Hamsini. Hamsini na tano. Nilianza kwenda polepole. Nilirudia nyumba niliyokwisha kuitaja, akanirekebisha. Sitini. Padri, sitini na moja. Na mama mpishi wa padri, ambaye hawezi kupiga tofauti na padri.

"Sitini na mbili," nikasema.

"Bado mbili."

"Bado mbili."

Akanitazama. Macho ya Malachy ni ya mama, na mtu hawezi kumdanganya mama wakati birika linalia. Nikainuka, nikalitoa motoni, nikabaki nimempa mgongo kwa sababu usoni nisingeweza.

"Moja ni yangu," nikasema. "Alikuja hapa amelowa. Alisema anaogopa kupata sifuri. Nikaona wewe una nyingi. Nisamehe, Malachy. Miaka thelathini na mbili nakulindia kura, nikaenda kuiba moja mwenyewe."

Nilingoja apige meza. Nilingoja kiti kisukumwe na mlango ubamizwe. Nikasikia penseli inakwaruza karatasi, vistari viwili.

"Basi zimetimia," akasema.

"Zimetimia vipi? Nimesema moja. Bado moja."

"Nimekusikia. Zimetimia."

Nikageuka. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya daftari, na uso wake umekuwa mwekundu mpaka masikioni, kama alipokuwa na miaka saba amevunja kioo cha kanisa. Ndipo nikakumbuka zile saba mbili zilizokatwa kiuno. Mama alitufundisha kuandika sote wawili, kwenye meza hii hii.

"Wewe?" nikasema. "Wewe, Malachy? Unaandika moja kwako, unaweka penseli chini!"

"Ulisema nitaingia raundi ya kwanza."

"Nilisema."

"Ukasema na chenji itabaki."

"Nilisema hivyo, ndiyo."

"Basi nikaitumia chenji."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika sinki, na yeye akacheka, halafu nikaona kwamba kicheko chake kimegeuka na mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Nikaketi karibu naye. Hatujakaa hivyo tangu mazishi ya mama.

"Miaka kumi na moja namtafutia neno," akasema. "Nimeingia kile kibanda, nikaona jina lake, na karatasi haina macho, Attracta. Haikuangalii kama alivyoniangalia pale kaburini. Nikaona hapa naweza. Nitampa moja, hatajua, na mimi nitapumua kidogo."

"Ungebisha mlango tu. Ni hatua mia mbili."

"Najua."

"Ni hatua mia mbili na ungekuwa diwani leo."

"Najua, dada. Najua."

Tukanywa chai. Sikumwambia hesabu yangu ya ukumbini, kwamba kura yangu peke yake isingetosha na yake peke yake isingetosha, na zote mbili zingemrudishia kiti kwa kura moja. Hakuhitaji kuambiwa. Ni mimi niliyemfundisha kuhesabu. Nilimwonea huruma hata nikasahau kujionea, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda akishinda.

Alipoinuka kuondoka alipapasa mifuko kutafuta funguo za gari. Mkono ukasimama kwenye mfuko wa kushoto. Akatoa bahasha iliyokunjika.

"Winnie Lavelle," akasema taratibu. "Alinipa Jumatano, nikiwa napita kuomba kura. Goti lake limekufa. Anataka vyuma vya kushikia bafuni."

Tulitazamana. Jumatano mpaka Jumatatu ni siku tano. Alikuwa tayari ameisahau, na leo hana tena ofisi ya kuipeleka. Kwanza aliitazama kama inayomuunguza, halafu akatazama dirishani, ambako ukuta wa mawe unakata shamba letu na la Hession, na moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la jirani.

"Atakuwa amemaliza kukamua," nikasema.

"Atakuwa amemaliza."

Akainua mkono. Kwa mazoea tu, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitano, bahasha ikaanza safari ya kurudi mfukoni.

"Usiitie mfukoni, Malachy."

Akasimama. Akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akafungua mlango kwa kiwiko, akaenda kwenye mvua. Nilimwangalia mpaka alipovuka ukuta, amelowa, na bahasha ameifunika kwa kofia.